Oili ya Ulaya, Landrova Kuukuu na Mguu Wangu

Mguu wangu wa kushoto, kuanzia chini ya goti, niliuacha Kilifi, upande wa Mnarani, pale feri inapoteremshia magari. Maji yalikuwa yamekupwa, na ile zege ya mteremko ilikuwa na utelezi wa kijani ambao hata kaa hupita juu yake kwa adabu. Landrova ya kampuni ilikuwa imeshuka kwenye feri na imeanza kupanda. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa miguu, nimebeba kabari ya mbao ya kuwekea gurudumu, kwa sababu breki ya mkono ya gari lile ilikuwa pambo tu. Nikasikia injini inapiga kelele kama inakimbilia Nairobi, lakini magurudumu hayaendi. Klachi ilikuwa inateleza. Gari likasimama kidogo, kama linalofikiri, kisha likaanza kurudi.

"Kahindi, kanyaga!" nikampigia kelele dereva.

"Nimekanyaga mpaka mwisho, Katana! Toka huko nyuma!"

Magurudumu yalikuwa yamefungwa kweli, hayazunguki hata kidogo, lakini juu ya utelezi ule gari lilikuja hivyo hivyo, limefunga breki na linakuja. Nikatupa kabari nyuma ya gurudumu la kushoto. Kabari nayo ikateleza. Nikainama kuisukuma tena kwa mguu, na huo mguu ndio uliobaki kati ya bampa la nyuma la gari na mlango wa chuma wa feri.

Watalii walikuwa wameshashuka, kama ilivyo sheria ya feri, wanapanda kwa miguu na kofia zao za makuti. Mmoja alikuwa anapiga picha. Kwa hiyo kama kuna mtu huko Ulaya ana albamu ya likizo yake ya Malindi, na kati ya picha ya kasa na picha ya ngamia wa pwani kuna mtu mweusi amefungua mdomo mpaka koo linaonekana, basi huyo ni mimi. Namsalimia.

Kilichoandikwa baadaye ni kwamba ajali ile ilitokana na uzembe wa fundi. Fundi ni mimi. Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi vijana mnaoingia gereji sasa mmekuwa mkiniuliza juu ya oili: ipi ya kutia katika gari kuukuu, ile ya kawaida au ile mpya ya sinthetiki. Nitawajibu. Lakini jibu lina mguu wangu ndani yake, kwa hiyo vumilieni. Shule niliishia darasa la tatu, msinitafutie nukta na mkato. Na habari za vyeo na mishahara hamtazikuta humu, kwa sababu cha kuandika sina.

Nilikuja Malindi mwanzoni mwa miaka hii ya themanini, baada ya kutengeneza matrekta ya mkonge kule Vipingo mpaka masikio yakawa yanalia yenyewe. Kampuni ya Chewa ilikuwa inabeba watalii: kuwatoa uwanja wa ndege Mombasa, kuwapeleka Gede kuona magofu, kuwapeleka mbugani kuona ndovu, na kuwarudisha wakiwa wekundu. Magari yalikuwa landrova nne, pijo mbili, na lori moja ambalo sitalisema vibaya maana limeshakufa.

Mkubwa wa gereji alikuwa Fundi Famau, Mbajuni wa visiwa vya kaskazini, mfupi, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani na hasira ambazo hazikuzeeka. Siku yangu ya kwanza nilimkuta amekaa juu ya gurudumu, anakunywa chai.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wajua kusoma?"

"Kidogo. Darasa la tatu."

"Sikukuuliza hiyo shule yako. Ndoo hapa usome hizi."

Akanitandazia karatasi tatu za mifuko ya saruji, kila moja ina madoa. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya gereji ile. Kila jioni gari likishaegeshwa, chini yake kunatandikwa karatasi ya mfuko wa saruji. Asubuhi, kabla ya mtu kugusa spana, karatasi zinavutwa na kusomwa. Doa liko wapi, rangi gani, linanuka nini, limekua tangu jana au halikukua. Famau alikuwa akisoma karatasi zile kama karani wa mahakama anavyosoma hati, kwa kidole, anaguna.

Ya kwanza nikanusa. "Injini," nikasema.

"Ya pili?"

Ilikuwa nzito na inanuka yai viza. "Gia boksi."

"Ya tatu?"

Nikanusa, nikasugua kwa vidole, nikaona haina jina. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Tamutamu. "Hii... ya breki?"

"Ya mahamri yangu, we! Gari gani lakaangiwa mahamri?"

Gereji nzima ikacheka mpaka mlinzi akaja kutazama. Nikaandikwa kazi siku hiyo hiyo. Famau alisema mtu asiyeona haya kuonja anaweza kufundishwa.

Alinifundisha mengi. Kuweka bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, usikie beringi ipi inalalamika. Kudondosha oili iliyotumika juu ya kipande cha gazeti na kungoja duara litanuke: katikati pakiwa na weusi uliokaza kama wanja, oili imechoka. Lakini kubwa kuliko yote ni kitundu. Chini ya landrova, pale injini inapokutana na gia boksi, mna chumba cha klachi, na chini ya chumba hicho kuna kitundu cha kupitisha kidole kidogo. Kitundu kina kizibo chake cha kukaza kwa spana. Kizibo hicho ni cha kuvukia mto tu, maji yasiingie kwenye klachi. Ukishavuka, unakitoa. Famau alikuwa amefunga kila kizibo kwa waya ndani ya boneti, ili asiwepo wa kusema kimepotea.

"Kitundu kikidondosha oili," aliniambia, "sili ya nyuma ya injini, ile raba ya kuzuia oili, imekwisha. Ukikiziba, oili haikupona, yatafuta pa kwenda. Na pa kwenda ni klachi. Umefahamu au nichore?"

Nilifahamu. Hilo nataka liandikwe: nilifahamu.

Sasa oili. Mwenye kampuni alikuwa Mtaliano mmoja, Bwana Tulio. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuamini kitu chochote kilichoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Mwaka mmoja, msimu wa watalii unakaribia, alirudi kutoka kwao na makatoni ya mikebe ya oili mpya, ya sinthetiki, na mikebe yenyewe ilikuwa ya dhahabu, basi tena. Alituambia kwao magari ya mashindano yanatumia hiyo. Tukatazama landrova zetu. Landrova zetu nazo zikatutazama.

Niseme kwa haki, kwa sababu mimi si kama watu fulani. Oili ile haikuwa mbaya. Oili ya kawaida hutolewa ardhini, ikasafishwa, ikatiwa mkebeni. Ile nyingine hupikwa na watu wa maabara mpaka kila tone linafanana na mwenzake. Asubuhi ni nyepesi, inafika juu ya injini upesi. Joto likizidi haikimbii kuwa maji. Haifanyi tope haraka. Bwana Tulio aliitia kwenye gari lake mwenyewe, jipya, injini imebana, akaenda Nairobi na kurudi, na oili ilipotoka ilikuwa safi kuliko samli ya dukani. Pijo moja tulikuwa tumeifungua injini yote mwezi ule, sili mpya, gasketi mpya, pete za pistoni mpya. Nayo ikainywa na ikashukuru. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba oili ya sinthetiki ni sumu. Tatizo halikuwa mkebeni.

Tatizo lilikuwa limevaa ovaroli isiyo na doa. Harrison Tsuma, mtu wa Mariakani, msimamizi wa magari. Alikuwa na cheti cha umakanika alichokitia kwenye fremu na kukitundika juu ya meza, kikimtazama mtu kila anapoingia. Chini ya gari sikuwahi kumwona. Alikuwa anakagua magari kama daktari wa serikali, kutoka mlangoni.

Tsuma akasema magari yote yatatiwa oili mpya. Fundi Famau akamwambia yote hayawezi.

"Namba Tatu imekunywa oili nzito, namba arobaini, tangu izaliwe," Famau akasema. Namba Tatu ilikuwa landrova kongwe kuliko zote, ilinunuliwa shambani ikiwa imeshachoka. "Ndani mna tope la miaka. Tope lile ndilo gasketi. Tope lile ndilo sili. Ukitia sabuni yako hiyo ya Ulaya itaosha kila kitu, gari libaki uchi."

"Fundi, teknolojia haiogopwi," Tsuma akasema.

"Sikuogopa. Nimekwambia badili sili kwanza, osha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kisha tia unachotaka."

"Msimu umeanza. Gari halilali gereji siku mbili kwa sababu ya kipande cha raba."

"Basi liwache na oili yake."

"Bwana Tulio amesema yote. Yote maana yake yote. Wewe una cheti gani, mzee wangu?"

Famau akatazama mikono yake, upande huu na upande huu, kama anayekitafuta cheti hicho. "Sina," akasema. "Nilikuwa na kazi nyingi."

Wiki iliyofuata alistaafishwa. Walimpa saa ya ukutani na soda moja, ili ajue ni saa ngapi hana pa kwenda. Na mimi, mwanafunzi wake, niliyekula mahamri yake miaka yote ile, nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilipewa funguo za sanduku la spana zake na nikazipokea. Ninawataja wengine humu, kwa hiyo najitaja na mimi.

Nikamwaga oili ya zamani ya Namba Tatu. Ilitoka nyeusi, taratibu, kama haitaki kuhama. Nikatia ile ya dhahabu. Na lo, wiki mbili za kwanza! Gari lilikuwa linawaka kwa ufunguo mmoja. Kelele za asubuhi zikaisha. Tsuma alikuwa anakuja kusimama karibu na boneti, ameweka mikono kiunoni.

"Unaisikia, Katana?"

"Siisikii, bwana."

"Ndiyo maana yake!"

Na kweli, nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba Famau alikuwa na kiburi tu. Wiki ya tatu karatasi ya Namba Tatu ikaanza kuzungumza. Kwanza tone moja, pale kwenye kitundu. Kesho yake matone kumi. Kufika Ijumaa karatasi ilikuwa imelowa mpaka mchanga wa chini yake, na oili ni nyepesi, imebeba weusi wa miaka yote aliyosema Famau. Tope lilikuwa limeoshwa. Sili ya nyuma, iliyokauka na kusinyaa tangu zamani, sasa ilikuwa haina kitu cha kuisaidia. Nikaikunja karatasi ile nikampelekea Tsuma mezani. Akaishika kwa ncha mbili, kama mtu aliyekabidhiwa nepi.

"Hii nini?"

"Sili ya nyuma, bwana. Tushushe gia boksi. Siku mbili."

"Ongezea oili. Mikebe ipo."

Nikawa naongezea. Kwa muda ule hakuna aliyedhurika, isipokuwa ua wa hoteli. Hoteli iliyokuwa inachukua magari yetu ilikuwa imetandika mawe meupe ya matumbawe mlangoni, na Namba Tatu kila ikisimama inaacha doa la ukubwa wa sahani. Bibi mwenye hoteli akamwita Tsuma, akamwonyesha madoa moja moja. Tsuma akarudi gereji amefura.

"Hilo gari lisidondoshe tena. Kuna kitundu kule chini, sivyo? Kina kizibo chake. Kiko wapi?"

Nikashangaa kwamba anajua kuna kitundu. Labda walifundishwa kwenye cheti.

"Kiko kwenye waya, bwana. Lakini hicho ni cha mtoni. Tukikitia, oili itajaa kwenye klachi."

"Itajaa kwa siku ngapi? Msimu ukiisha utabadilisha sili zako mpaka uchoke. Kaza."

"Bwana Tsuma, Fundi Famau alisema..."

"Fundi Famau yuko nyumbani anatazama saa. Kaza, Katana, au nimtafute wa kukaza."

Nikaingia shimoni, chini ya gari. Nikakaza. Asubuhi yake karatasi ilikuwa kavu kabisa, safi, unaweza kufungia maandazi. Tsuma akaniletea mwenyewe nione, anatabasamu. Nyinyi vijana, siku mtakapoona karatasi kavu chini ya gari ambalo jana lilikuwa linavuja, na hakuna mtu aliyebadilisha kitu, msifurahi. Ogopeni.

Siku ya tatu ndiyo Jumamosi ile ya ajali. Wageni wanne wanapelekwa Mombasa kupanda ndege, mizigo imejaa mpaka darini. Kahindi anaendesha, mimi nimewekwa mbele na kabari miguuni na mikebe minne ya kuongezea njiani. Tsuma anafuata nyuma kwenye pijo, amevaa tai, awaage wageni kwa heshima. Tulipofika Matsangoni Kahindi akavuta pua.

"Wanusa? Klachi inaungua."

"Naisikia."

"Injini inapanda, gari haliongezeki mwendo. Umeifanya nini hii?"

"Imezibwa kitundu. Simama, nikitoe."

"Nisimame na wageni wana ndege? Muulize mkubwa wako kwenye feri."

Kwenye foleni ya feri nikashuka nikaenda mpaka dirishani kwa Tsuma. Kahindi alikuwa nyuma yangu, anasikia kila neno.

"Bwana, klachi inateleza. Nipe dakika tano nikitoe kizibo, oili imwagike."

"Hapa? Mbele ya wageni? Katikati ya foleni?" Akatazama saa yake. "Tukifika ng'ambo."

Ng'ambo tulifika. Hayo mengine mmeshayasoma juu.

Lakini kuna kipande sikukisema. Watu wa feri walilisukuma gari mbele kwa mabega, wakanivuta, wakanilaza pembeni ya zege kichwa juu ya gunia. Maumivu yalikuwa hayajafika bado, yalikuwa njiani. Akili ilikuwa wazi kuliko ilivyo leo. Na nikiwa nimelala pale nikamwona Harrison Tsuma, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anaingia chini ya gari. Alilala chali juu ya utelezi na tai yake shingoni na spana mkononi. Nikawaza, huyu mtu ana huruma kumbe, anatafuta kipande changu. Kisha nikasikia oili inamwagika, nyingi, kama mtu anamwaga maji ya kuoshea vyombo. Akatoka. Akafuta mikono kwa leso. Mkono mmoja ukaingia mfukoni, umefumba kitu kidogo.

Mkaguzi wa magari alipokuja jioni alikuta kitundu kiko wazi, kama inavyotakiwa. Akakuta klachi imelowa oili. Akauliza, fundi ni nani? Wakamwambia, yule aliyeko hospitali. Akaandika alichoandika. Simlaumu sana, aliandika alichokikuta.

Nilikatwa siku ya pili. Kahindi alikuja kunitazama, akakaa kwenye ncha ya kitanda kama anayetaka kukimbia.

"Umewaambia?" nikamuuliza.

"Niwaambie nini?"

"Ulichosikia kwenye foleni. Ulichoona pale chini."

"Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta kamba, Katana."

"Kahindi."

"Nina watoto sita, ndugu yangu." Akainuka. Ameacha machungwa. Machungwa yalikuwa mazuri, sitasema uongo.

Bwana Tulio alituma kadi yenye picha ya kanisa. Kisha akauza kampuni, akaenda kwao, na oili yake ikabaki stoo mpaka mikebe ikaota kutu juu ya dhahabu.

Fundi Famau alikuja wa mwisho. Hakuniuliza naendeleaje.

"Kizibo kilikuwa ndani?"

"Kilikuwa."

"Nani alokaza?"

"Mimi."

Akatazama shuka pale lilipolala tambarare. "Kwa nini hukuja kuniuliza? Nyumba yangu waijua."

"Niliona haya, fundi."

"Haya," akasema. Alikaa mpaka wauguzi wakamtoa. Amefariki sasa, Mungu amrehemu.

Wenye kampuni wapya walinirudisha gereji kwa huruma, nikae kwenye benchi, nisafishe kabureta. Nimesafisha kabureta miaka yote iliyobaki kwa mguu mmoja na mkongojo, na katika kukaa pale nimeona magari mengi kuukuu yakija na wenyewe wameambiwa mjini watie oili mpya. Kwa hiyo haya ndiyo niliyojifunza, na hayakunipatia cheti.

Gari kuukuu ambalo limezoea oili ya kawaida na halivuji, halili oili, halina moshi wa buluu: liacheni na oili yake, mbadilishe mapema, mbadilishe na filta. Halina kosa. Mwenye gari aking'ang'ania sinthetiki, mwambieni aje na muda, maana muda ndio wanaoukataa. Kwanza sili za mbele na nyuma. Kisha mfungue sampu, mlitazame lile chujio la pampu, kwa sababu tope likioshwa lote kwa pamoja linakwenda kukwama pale, na injini inakufa kwa kiu huku sampu imejaa. Niliwahi kufungua moja, ya mwalimu wa Ganze, chujio limejaa kama uji wa mtama uliolala. Oili ya kwanza imwageni upesi, msingoje safari ndefu. Na karatasi ya saruji chini yake kila jioni, hata mkichekwa. Kama sili ni kuukuu na mwenyewe hataki kuzibadilisha, basi msiliguse gari lake kwa mkebe wa dhahabu, hata akija na baba yake. Na kitundu, jamani. Kitundu kiwe wazi.

Ningeishia hapo na ningekuwa nimestaafu salama. Lakini mwezi uliopita, siku ya mwisho ya kazi yangu, vijana wawili walikuja gereji kutafuta nafasi. Wametoka kwenye chuo kimoja kidogo cha ufundi pale Kilifi, juu ya barabara inayoteremka feri, mahali unapoona nguzo za daraja jipya zikiinuka majini. Mmoja akanitazama mguu, akamnong'oneza mwenzake, kisha akanijia kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee. Samahani. Wewe ndiye yule fundi wa Namba Tatu?"

"Nani amekwambia kuna Namba Tatu?"

"Mwalimu wetu. Kila mwaka hutusimulia. Fundi aliyetia oili asiyoijua, akaacha sili mbovu bila kumwambia mkubwa wake, mpaka gari likamrudia. Somo la uzembe kazini."

"Mwalimu wenu anaitwaje?"

"Mwalimu Tsuma, mzee. Ana cheti kizuri sana, kiko kwenye fremu."

Basi. Mguu nilishauzika. Ajali nilishaizoea, nikiamka nautafuta kwa mkono kisha nakumbuka. Lakini kufanywa somo! Kila mwaka, darasa zima la vijana wananicheka au wananihurumia, na mwalimu anayefundisha ni yule yule aliyeniambia kaza.

Kwa hiyo maneno haya ya mwisho si ya vijana. Harrison Tsuma, najua utayasoma, maana wanafunzi wako nimewapa nakala. Mimi nimeandika kosa langu hapa na jina langu: Katana, mkono uliokaza kizibo ulikuwa wangu, na nilijua sikupaswa kukaza. Sikumficha mtu, wala sikujificha. Kahindi namwachia yeye na watoto wake sita. Kwako sitaki pesa, sitaki machungwa, sitaki kadi. Nataka usimame mbele ya darasa hilo hilo, wakati wa somo hilo hilo, na mimi nitakuwa nimekaa benchi la nyuma na mkongojo wangu. Uwaambie nani alisema kaza. Uwaambie nani alisema tukifika ng'ambo. Kisha nitainua mkono kama mwanafunzi na nitakuuliza swali moja, na utalijibu kwa sauti: siku ile Mnarani, mimi nimelala juu ya gunia, wewe na tai yako shingoni, ulikuwa unatafuta nini chini ya gari?